Sindano Moja Katika Gunia Thelathini na Saba

Jumapili, mwezi wa kumi na moja. Jua limeanza kuinama lakini bado linachoma. Upepo unatoka upande wa Mau na kuleta vumbi la ngano mpaka mlangoni.

Nimekaa nje juu ya debe, daftari liko magotini. Naandika herufi kubwa. Rebeka, mke wangu, anasema ukurasa wangu mzima una maneno machache kuliko bahasha. Mwache aseme. Wenzangu wa rika wakiitwa kuweka sahihi wanaweka kidole gumba. Mimi naandika Zakayo, herufi zote, na mkia mwishoni. Mwalimu wa misheni alinifundisha miezi minne tu nikiwa na ndevu tayari, na yale ambayo hakunifundisha nimejifundisha mwenyewe.

Leo naandika kwa sababu ya sindano moja iliyopotea jana.

Kazi yangu ni kushona gunia juu ya mashini ya kuvuna ngano. Hapa Njoro kuna mashini nyingi, lakini hii yetu ni kubwa, inavutwa na trekta kama nyumba inayotembea. Ubavuni ina jukwaa la mbao. Tunakaa wawili, mimi upande wa kushoto, Wafula upande wa kulia. Ngano inateremka kwa bomba inaingia kwenye gunia. Likijaa unalitikisa, unakunja mdomo, unafunga kona moja iwe sikio la kwanza, unashona, unafunga sikio la pili, unalisukuma liteleze mpaka chini shambani. Kabla hujapumua, lingine limejaa. Mashini haingoji mtu. Bwana mwenye shamba hasimamishi trekta eti kwa sababu Zakayo anajikuna.

Na mimi sijikuni. Nimeshona misimu tisa. Gunia langu likianguka kutoka juu ya gari la ng'ombe linaanguka kama jiwe, halitemi hata punje. Wapakiaji kule stesheni wananijua kwa sikio, maana mimi nasokota mara mbili. Gunia la Wafula linakaa mdomo wazi kama kuku wa mchana. Nimemwambia hivyo mbele ya watu, na yeye akacheka, kwa sababu anajua ni kweli.

Lakini hayo si ya leo.

Yaliyo ya leo ni haya. Wiki mbili zilizopita, asubuhi wakati wa kuitwa majina, nyapara alisema kwamba shamba hili la chini likiisha, bwana atachagua watu wa kukaa mashini mwaka ujao. Anataka watu wa mikono myepesi na macho mazuri. Aliposema macho, sikumwangalia. Niliangalia viatu vyangu.

Wanaotolewa mashini, kama ni vijana, wanarudi kwenye jembe. Kama ni wazee, wanapewa mkebe wenye mawe ndani wakafukuze ndege. Kuna wazee watatu wa ndege hapa. Wanakaa kwenye nyasi, wanatikisa mkebe, wanalala, wanatikisa tena. Nikipita juu ya mashini nawapungia mkono. Kusema kweli, napenda kuwapungia mkono. Na hao ndio walio na bahati, kwa sababu ndege wakiisha mzee anaweza kuambiwa arudi kwao, na mtu akitoka kazini hapa anatoka na nyumba. Siku hizi za amri na karatasi, shamba gani lingine litampokea mtu wa umri wangu?

Sasa macho.

Hapa sitadanganya, kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Rebeka hajui kusoma. Tangu mwaka jana naona vitu kama mtu amepumulia kioo. Mtu namwona. Ng'ombe namwona. Njia naijua. Lakini kitu chembamba, kama uzi au sindano, kinapotelea ndani ya ule ukungu. Sijamwambia mtu. Uzi natunga kwa ulimi na kidole, nashona kwa kupapasa, na bado nashona vizuri kuliko wanaoona.

Juu ya mashini kuna sheria moja ambayo nyapara hasamehi mtu akiivunja. Kila mshonaji ana sindano mbili, moja ya kazi na moja ya akiba. Ni sindano ndefu kama mkono wa kijiko, imepinda nchani. Ile ya akiba haiwekwi mahali pengine ila kwenye gogo dogo lililopigiliwa ubavuni mwa jukwaa. Unaichoma pale, inakaa. Wafula anaichoma bila kuangalia, tap, huku akiongea upuzi wake.

Mimi mwezi huu niliichoma hewani mara mbili. Mara ya pili kidogo niichome kwenye goti la Wafula. Akaruka. "Mzee, mimi si gunia!" Nikacheka, nikamwambia nilikuwa nampima kama ameamka. Kuanzia siku hiyo sindano ya akiba nikawa naichomeka kwenye ukosi wa koti langu. Koti lipo kifuani mwangu, siwezi kulikosa.

Jana Jumamosi, wakati wa kula mchana, nilikuwa nayo. Nakumbuka kwa sababu niliitumia kutoa ganda la hindi kwenye jino. Jioni trekta ilipozimwa, nikapapasa ukosi. Hapana. Nikapapasa ukosi wa upande wa pili. Nikavua koti nikalikung'uta kama mtu aliyeingiwa na siafu.

Hapana.

Mtu anayeshona anainamia mdomo wa gunia. Anainama hivi, kifua chote juu ya ngano inayomiminika. Sikuhitaji kuambiwa imeenda wapi.

Tangu chakula cha mchana nilikuwa nimeshona gunia thelathini na saba.

Jumamosi jioni nyapara anakusanya sindano zote, anazifungia kwenye kopo. Alipofika kwangu nikampa moja. Akauliza ya pili. Mdomo wangu ukajibu kabla yangu: "Nimeisahau nyumbani, nilikuwa nashona godoro. Jumatatu utaipata." Akaandika kitu kwenye karatasi yake akapita. Haikuwa taabu, kwa sababu nyumbani kweli ninayo sindano ya zamani, niliyobaki nayo tangu msimu wangu wa pili. Ningempa hiyo na mambo yangeisha.

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nikala ugali wote. Nikasema moyoni, Zakayo, wewe una akili.

Lakini zile gunia haziendi kusagwa. Ngano ya kule chini kwenye majimaji ilitoka nyembamba mwaka huu, kama mbegu za nyasi, na bwana alisema hiyo ipelekwe kwa ng'ombe. Nilikuwa nimelisahau hilo, au nililisukuma mbali, sijui.

Leo lilinirudia kanisani.

Baada ya ibada tulikuwa tumesimama nje, na Kimutai akaja kunisalimia. Kimutai ndiye mkamuaji mkuu wa shamba hili. Ni mtu mpole, mrefu, ananukia maziwa hata akivaa nguo za Jumapili. Ng'ombe wake anawaita kwa majina, na nasikia wakiwa wagonjwa analala hukohuko zizini. Akaniambia kwa furaha, "Mzee, ile ngano yenu imefika kwangu. Kesho asubuhi naanza kuwapa wale wenye ndama. Wamekonda, maskini."

Nikasema ni vizuri.

Akasema, "Afadhali ngano kuliko yale makapi ya mwaka jana."

Sote tunajua ya mwaka jana. Kulikuwa na ng'ombe mwekundu, ndiye aliyekuwa na maziwa mengi kuliko wote. Akaanza kusimama mgongo umekunjika, anakataa kula, anagumia akiteremka mteremko. Akafa siku ya nane. Walipompasua walikuta msumari umetoka tumboni ukaingia kwenye moyo. Msumari mdogo tu, wa kupigilia boksi. Kimutai aliulizwa maswali kama mwizi. Bwana alimpigia kelele mbele ya watoto wake, akamwambia ikitokea tena afungashe. Na Kimutai hakujua msumari umetoka wapi, hata leo hajui. Aliomba apewe ule msumari, akauweka kwenye kopo la tumbaku. Alinionyesha siku moja, wakati ule macho yangu bado yalikuwa yanaona msumari.

Na sindano ya gunia ni mara tatu ya ule msumari.

Nilirudi nyumbani haraka. Nikatoa ile sindano ya zamani kwenye paa, nikaishika. Ilikuwa na kutu kidogo. Nikaisugua na majivu ili ionekane ya kazini. Rebeka alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Baba Yona."

"Nini?"

"Hiyo ni ya zamani. Ile uliyokuwa umevaa kwenye koti iko wapi?"

"Mambo ya mashini unayajulia wapi wewe?"

"Mambo ya koti nayajua. Nimelishona tundu moja la sindano mara nne mwezi huu."

Nikamfokea. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu ni Jumapili na kwa sababu hakustahili. Akanyamaza, akaendelea na mboga yake. Wanawake wakinyamaza hivyo ni afadhali wangekupiga.

Nikakaa kitandani na sindano mkononi. Nilijaribu kuhesabu mambo kwa upande wangu. Labda imeangukia shambani, si kwenye gunia. Labda ng'ombe ataitema. Labda itapatikana wakati wa kumwaga. Kila labda niliyoileta, nilimwona Kimutai amesimama mbele ya bwana na kofia mkononi, hajui la kusema. Mimi ningekuwa nimekaa juu ya mashini yangu, nikimpungia.

Basi nikavaa koti nikaenda kwa nyapara.

Alikuwa anakunywa chai nje ya nyumba yake, amevua viatu. Nilisimama. Nimejenga jina langu shamba hili kwa misimu tisa, na kulibomoa ilichukua maneno machache tu. Nikasema sindano haiko nyumbani. Nikasema iko ndani ya gunia, moja kati ya thelathini na saba, na gunia ziko kwa Kimutai.

Akaweka kikombe chini polepole. "Mzee Zakayo. Jana uliniambia godoro."

"Jana nilisema godoro."

"Na leo?"

"Leo nasema gunia."

Aliniangalia muda mrefu. Mimi sikuona vizuri uso wake ulikuwa na nini. Halafu akavaa viatu bila kufunga kamba, akaenda kumwita Wafula, maana ni lazima apatikane mshonaji wa pili.

Tulitandika turubai uani pa zizi la maziwa. Tulikuwa watu wanne: nyapara, Wafula, Kimutai na mimi. Kimutai alipoambiwa alivua shati lake la kanisani, akalitundika kwenye mti wa ua, akaanza kubeba gunia mgongoni. Ningependa angenitukana.

Wafula ndiye aliyetukana kwa niaba ya wote. Kila gunia likifunguliwa alikuwa na neno. "Mzee, si ulisema mkono wako hauwezi kuangusha hata unywele?" Likimwagwa, "Hapa hakuna. Labda ameshona na kidole chake ndani, angalieni vidole vya mzee, hesabuni." Gunia la kumi na tano, "Haya masikio umeyasokota mara mbili, mzee, kisu kinalia! Ungesokota mara moja kama sisi makuku, tungekuwa tumeshamaliza."

Nilimjibu kwamba kisu ni butu kama mwenye kisu. Nyapara alicheka. Hata Kimutai nadhani alicheka. Nilishukuru kwa kile kicheko kuliko chai.

Tulikuwa tunamwaga, tunapekua kwa mikono, tunajaza tena, halafu mimi na Wafula tunashona. Na hapa niandike, kwa sababu ni kweli na hakuna mwingine atakayeandika: kwenye kushona nilimshinda. Turubai limetulia, hakuna trekta ya kunitikisa, gunia liko magotini. Vidole vyangu havihitaji macho. Yeye alikuwa gunia la tatu, mimi nimemaliza la nne na namngoja. Harufu ya ngano ikiwa imelala kwenye jua, joto la gunia kwenye mapaja, uzi ukipita na ule mlio wake mdogo, hicho ni kitu kizuri. Kwa muda kidogo nilisahau ni kwa nini tuko pale.

Gunia la ishirini na tisa, Kimutai akaacha kupekua.

"Iko hapa."

Akaja kwangu. Hakwenda kwa nyapara, alikuja kwangu, akanyoosha kiganja. Akasema tena, taratibu, "Hii hapa, mzee."

Niliangalia kiganja. Niliona mkono. Niliona vumbi la ngano juu ya mkono, jeupe, na jua juu ya vumbi. Sindano sikuiona. Nikanyoosha vidole vyangu nikashika mahali ambapo nilidhani iko, nikashika hewa, halafu nikashika kidole gumba cha Kimutai.

 Aliuchukua mkono wangu, akaugeuza, akaiweka sindano ndani, akanifunga vidole. Kwa macho ya wengine labda ilionekana kama tunasalimiana.

Yeye ameona. Najua ameona.

Nyapara akaja akaichukua, akaipangusa kwenye suruali. "Mzee, sasa niambie. Ilitokaje kwenye gogo mpaka ndani ya gunia?"

Hapo ndipo ningesema. Kila kitu kilikuwa tayari kimefunguliwa pale uani, gunia na mimi. Lakini nilisikia mdomo wangu tena, ule wa godoro. "Mashini iliruka tuta," nikasema. "Tuta kubwa kule kwenye majimaji. Ikaruka kutoka kwenye gogo."

Wafula alikuwepo juu ya mashini jana siku nzima. Anajua hakukuwa na tuta. Alikuwa anafunga sikio la gunia, akaendelea kulifunga. 

Nyapara akasema atamwambia bwana kesho jioni kwamba sindano ilipotea na mzee alikuja mwenyewe kusema. Akasema hilo litanisaidia. "Ungenyamaza ningekufukuza mimi mwenyewe," akasema. "Lakini umekuja. Kesho panda mashini kama kawaida."

Panda mashini kama kawaida. Asubuhi hayo maneno ningeyala kama nyama. Sasa hayamezeki.

Kimutai alinipa maziwa kwenye chupa nimletee Rebeka. Tulipofika kwenye lango la zizi akaniuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini ili wale wengine wasisikie. "Tangu lini, mzee?"

Nikajifanya sikusikia. Sasa atadhani na masikio yamekwisha.

Nimefika nyumbani, nimempa Rebeka maziwa. Nilitaka kumwambia nimekosea kumfokea, nikamwambia maziwa ni mazito. Akasema anaona. Amepika chai, ameniletea hapa nje, ameweka kikombe mkononi mwangu badala ya kukiweka chini kama zamani. Sijui ameanza kufanya hivyo tangu lini. Chai ni tamu. Nimekunywa polepole ili isiishe.

Nafikiri hivi. Sindano imepatikana mara hii kwa sababu ilianguka Jumamosi, na Jumapili ilikuwa karibu. Ikianguka Jumanne? Ikianguka kwenye ngano ya kusagwa, iende Nakuru, iingie kwenye unga wa watoto wa watu? Nikiichoma kwenye gogo nitaikosa. Nikiiweka kwenye koti itaanguka. Hakuna mahali pa tatu pa kuiweka. Nimepatafuta.

Pia nafikiri hivi. Ghalani kuna gunia zilizotobolewa na panya, zimejaa mpaka juu, na hakuna anayetaka kuzishona kwa sababu kazi ya ghalani haionekani na mtu. Pale pametulia. Pale vidole vinatosha. Leo watu watatu wameniona nikimshinda Wafula, hawawezi kukana. Nikimwambia nyapara mwenyewe, kabla hajaniambia, labda nitaomba ghala badala ya ndege. Labda atasema ndege. Labda atasema mzee asiyeona hana faida hata kwa panya, na Rebeka ataanza kufunga vyombo. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Misimu tisa nimekaa juu. Nani atawapungia wale wazee mkono? Wafula hajui hata kuwaangalia.

Nimeamua. Nitakwenda asubuhi na mapema, kabla ya majina kuitwa. Nitasema, nyapara, hakukuwa na tuta.

Lazima iwe kabla trekta haijawashwa. Najijua. Nikisikia ile mashini inanguruma, nitapanda.